Sauti ya Mama Kinywani mwa Mwizi

Jumatatu, 3 Machi

Wezi wa gemu yetu bado wanakwama kwenye ua. Asubuhi yote nimekaa maabara ya kompyuta nikiwatazama. Miguu inaenda, mwili hauendi. Nimepata kosa baada ya chakula cha mchana: alama ya kutoa mahali pa kujumlisha. Nimejitukana kwa sauti, jirani akageuka.

Sasa wanatembea vizuri. Vizuri mno. Ukiwamulika tochi wanalala kichakani, wanasubiri, kisha wanazunguka nyuma ya zizi, upande usioutazama. Hilo sikulitoa kitabuni. Ndivyo wezi wa kweli walivyokuja kwetu. Ndivyo baba alivyopigwa rungu la goti, na mpaka leo anachechemea.

Gemu yetu inaitwa Linda Zizi. Mchezaji analinda ng'ombe mpaka kupambazuke. Ni mradi wa mwaka wa mwisho, tuko watatu. Mimi naandika msimbo, Achieng' anachora, Ouma anashughulikia sauti na kuongea mbele ya watu. Ouma ndiye kiongozi. Hakuna aliyemchagua.

Jumatano, 5 Machi

Achieng' amemaliza ng'ombe. Wazuri. Hata mikia inafukuza nzi.

Yeye ni wa Mbita, kando ya ziwa. Tumeishi chumba kimoja tangu mwaka wa kwanza. Desemba nilimpeleka kwetu, ng'ambo ya Kehancha, na mama alimpenda mpaka nikaona wivu. Jioni moja mama alikuwa anaita ng'ombe warudi, na Achieng' ndiye aliyesema turekodi. Alishika simu. Mimi nilishika mdomo wa mbwa asibweke.

Sauti hiyo itasikika mwisho wa hatua, ng'ombe wakiwa salama ndani. Nimempa Ouma leo. Nimeisikiliza tena kabla ya kuituma. Nimetamani nyumbani.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefungua faili zetu za pamoja nikitafuta michoro ya maadui. Nimeipata. Mkuria_1. Mkuria_2. Mkuria_Mkubwa.

Nimemuuliza Ouma. Akacheka. "Zii, Robi, ni jina la faili tu. Mchezaji haioni."

Mimi naiona. Mimi ni Mkuria, kabila ambalo huku huitwa la wezi wa ng'ombe, na hilo analijua tangu siku ya kwanza aliponiuliza kama nimekuja na mishale.

Nimebadilisha majina yote. Mwizi_1, Mwizi_2. Ilikuwa kazi ndogo. Hasira ndiyo iliyochukua mchana mzima.

Michoro huhifadhiwa na Achieng'. Sijamuuliza ni nani aliyeyaandika yale majina. Ninaogopa jibu.

Jumanne, 11 Machi

Leo tulionyesha gemu mbele ya darasa. Ninaandika haraka kabla sijavunja kitu.

Ouma alicheza, kila mtu akitazama ukutani. Giza. Ng'ombe wamelala. Wezi wanatoka kichakani. Halafu sauti. Sauti ya mama yangu. Ouma ameitoa mwisho na kuiweka kwa wezi. Kila wanapokaribia zizi, mama anaita. Wakiruka ua, mama anaita. Ukimpiga mmoja jiwe, mama anakatwa katikati ya neno.

Darasa lilicheka. Mmoja nyuma alipiga kelele, "Wamekuja! Fungeni ng'ombe!" Wakacheka zaidi. Mhadhiri alicheka. Achieng' alicheka. Si sana, alijiziba na mkono. Lakini nilimwona.

Nilitoka. Nilikaa nyuma ya jengo mpaka darasa lote lilipotawanyika.

Waliomvunja baba goti walikuwa wezi. Hatukuwauliza kabila. Ng'ombe waliochukuliwa walikuwa wa mama.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kwa mhadhiri. Nilipanga maneno yangu njiani, kwa adabu, kama mtu anayeomba kazi. Nikamweleza sauti ni ya nani.

"Robi, hapa hatuleti mambo ya kabila."

Nikamwambia sikuyaleta mimi.

"Basi usiyakuze. Ni utani wa vijana. Na nyinyi ndio nimewachagua kwenda maonyesho ya gemu kule Homa Bay. Wezi wenu wana akili sana."

Wezi wangu. Niliwafundisha mimi. Nimetoka bila kuaga. Kwetu hilo ni kosa kubwa. Nimefurahi kulifanya.

Alhamisi, 13 Machi

Sijaongea na Achieng'. Chumba ni kidogo, tunapishana kama wapangaji waliogombana. Amepika omena, dagaa wa kwao, na kuniachia kwenye sufuria. Sikula. Nimelala na njaa, nikisikia harufu yake. Mjinga ni mimi.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimemkabili. Alikuwa anakunja nguo.

"Ulijua ile sauti ni ya nani."

"Nilijua."

"Na yale majina ya faili?"

Akamaliza kukunja sketi. Kisha akasema Ouma ndiye aliyetunga, lakini yeye ndiye aliyeandika.

"Umekula kwa mama yangu, Achieng'. Alikuita binti yake."

"Nilidhani utacheka," akasema. "Wewe hucheka kila mara."

Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Ni kweli. Mtu akipoteza simu hosteli na macho yakanigeukia, mimi hucheka kwanza. Wakiniuliza kama kwetu tunalala na panga chini ya mto, nacheka. Nacheka ili yaishe upesi tuendelee na mengine. Kumbe kicheko changu walikichukua kama ruhusa.

Nimemwambia asinipikie tena.

Jumapili, 16 Machi

Wengine wako kanisani. Mimi niko na gemu.

Ningeweza kufuta wezi wote. Ouma angesimama Homa Bay na zizi lililojaa ng'ombe na hakuna wa kuwaiba. Niliweka kidole juu ya kitufe. Sikubonyeza. Si kwa wema. Ile ni kazi yangu, na siwezi kuua kazi yangu kwa sababu ya Ouma.

Nimeondoa sauti ya mama tu. Nimeweka filimbi badala yake. Nimewaandikia wote wawili kwamba nimefanya hivyo na sababu yake. Achieng' amejibu "sawa". Ouma hajajibu.

Ijumaa, 21 Machi

Homa Bay. Ukumbi umejaa wanafunzi wa sekondari na sare zao, feni moja tu inazunguka. Dirishani unaliona ziwa. Nilivaa blauzi niliyoshonewa na mama.

Ouma aliunganisha kompyuta yake mwenyewe. Nilipaswa kujua. Wezi walipotoka kichakani, mama aliita.

Aliweka ile ya zamani. Alijua, akasimama pale anatabasamu.

Majaji walikuwa watatu. Mama mmoja mwenye miwani akainua mkono. "Hiyo sauti ni nzuri. Mmeitoa wapi?"

Ouma hakusita hata kidogo. "Kwenye mtandao, madam. Ni ya bure."

Ya bure.

Sikumbuki nikichukua kipaza sauti. Nakumbuka kilivyokuwa na jasho la Ouma.

"Ni mama yangu," nikasema. "Anaitwa Gati. Hakutoka kwenye mtandao, yuko nyumbani."

Ouma akacheka kidogo, kama mtu anayeomba radhi kwa niaba ya mgonjwa. "Madam, kuna tofauti ndogo ndani ya kikundi."

Jaji hakumtazama. "Anasema nini?" akaniuliza.

"Anaita ng'ombe wake. Anawaita kwa rangi zao. Anawaambia giza linaingia, warudi nyumbani." Nilimgeukia Ouma, mbele ya watu wote. "Umempa mwizi sauti ya mwenye ng'ombe."

Kimya. Hata wale watoto wa shule. Kisha jaji akamuuliza Achieng' kama ni kweli. Achieng' alikuwa anatazama viatu vyake. Nilijua atakaa hivyo.

"Ni kweli," akasema. "Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeshika simu."

Hatukupata chochote. Tuzo ilikwenda kwa wavulana waliotengeneza gemu ya bodaboda. Nje Ouma alinijia karibu mpaka nikahisi pumzi yake. "Umetumaliza, Robi. Kwa sababu ya sekunde chache za makelele."

Nilimpiga kofi. Sijawahi kumpiga mtu mzima. Sijuti. Nimejaribu kujuta njia nzima ya kurudi, mpaka tukapita Rongo, na sijaweza.

Jumatatu, 24 Machi

Mhadhiri ana hasira. Ati nimekiaibisha chuo mbele ya wageni. Nimemwambia ninatoka kwenye kikundi. Akasema nikitoka, nawasilisha peke yangu, tarehe ileile, bila huruma. Nikasema sawa. Nafikiri alitarajia nilie.

Kuhusu kofi hakusema kitu. Ouma hajanishtaki. Angelazimika kueleza kofi lilikotoka.

Wezi ni wangu, ninawachukua. Ng'ombe ni wa Achieng', nimewaacha. Ng'ombe wangu sasa ni masanduku ya kahawia yenye miguu minne. Wanatia aibu.

Mama amepiga simu jioni. Ameuliza kama sauti yake ilisikika huko Homa Bay. Alikuwa amewaambia majirani. Nimemwambia ilisikika, na ukumbi mzima ulinyamaza kumsikiliza. Amefurahi sana. Nimekaa na simu mkononi baada ya kukata, nikimchukia Ouma upya.

Jumatano, 2 Aprili

Nimewasilisha. Gemu inakwama mara moja kwenye hatua ya tatu. Masanduku bado ni masanduku. Lakini wezi wanatisha, na hawana kabila. Mhadhiri alicheza kimya, akapoteza ng'ombe wote. Akaanza tena. Akapoteza tena. Amenipa alama za kupita, hakuna zaidi. Kikundi chao, hata bila wezi wangu, kimepata zaidi yangu.

Hasira haijaisha. Nilidhani ikitoka mdomoni itaisha. Imepungua kelele tu.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua imesita tangu asubuhi. Hosteli nzima imetoka kufua. Nilipata mahali pazuri penye jua, nikaanika shuka, nikaanika ile blauzi.

Achieng' alikuja na beseni lake. Kamba zote zilikuwa zimejaa. Alisimama pale, maji yakidondoka kwenye ndala zake, hakuomba nafasi. Hatujaongea tangu Homa Bay zaidi ya "samahani, nipite".

Sijamsamehe. Nataka hilo liandikwe hapa wazi, nisije nikajidanganya baadaye.

Nilisogeza shuka zangu zikabanana. Akaanika. Tukarudi chumbani, yeye mbele, mimi nyuma.