Nyama ya Mtasema-Mchoke

Jumatatu, 4 Machi
Mguu umepona. Mtoto hajapona. Leo Araba kamwona mbuzi wa muuza kenkey, ile mikate ya mahindi, akanikwea mpaka mabegani, mkojo ukamtoka. Jana ulikuwa ufagio! Mbwa aliyemng'ata ni mmoja tu. Sasa kila chenye manyoya kwake ni mbwa.

Na mbwa mwenyewe yuko hapo nyuma ya ukuta, ananenepa. Jirani yangu, Mzee Tandoh, alimpa jina tulipogombania mpaka wa viwanja: Mtasema-Mchoke. Kila asubuhi anamwita kwa sauti ili nisikie mimi. Siku ile geti aliliacha wazi yeye, halafu ananiuliza, "Mama Araba, nani alimwambia mwanao akimbie?" Akacheka. Cheka, Mzee. Cheka sana.

Alhamisi, 14 Machi
Hospitalini. Wamemvika Araba kofia ya nyaya. Kwenye kioo cha mashine mistari inapanda, inashuka. Dokta Baidoo anasema ubongo unapiga mapigo, mengine ya polepole, mengine ya haraka. Yakienda pamoja, jambo la zamani linashikizwa kwenye jambo jipya. Ndivyo mbwa alivyogeuka mbuzi, akageuka ufagio.

Nikauliza, ugonjwa huo unatibika? "Si ugonjwa, Mama. Njia hiyohiyo ndiyo itapitisha dawa. Akimpenda mbwa mmoja, mapigo yatamfikisha kwa wengine."

Dawa yenyewe: mtoto wa mbwa wa pale kliniki, na nyama nipike mimi. Kipande cha mbwa, kipande cha Araba, wale pamoja. Nikaitikia. Moyoni nikasema, na Mtasema-Mchoke nitampikia yake.

Jumamosi, 30 Machi
Amemshika yule mtoto wa mbwa! Masikio yote mawili, hakuna aliyemsukuma! "Kimoja chako, kimoja changu," anaimba. Nimelia mbele za watu. Njiani kampungia mkono mbuzi — mbuzi!

Nafika nyumbani na furaha yangu, Tandoh yuko getini. "Mtasema-Mchoke! Njoo umsalimie mchumba wako!" Mchumba ni mwanangu. Furaha yote ikawa nyongo. Nimerudi sokoni, nimenunua sumu ya panya.

Jumapili, 31 Machi
Nyama imeiva. Nimeitia tangawizi, inukie, halafu ile sumu. Nimeifunga kwenye jani kama ninavyofunga ile ya kliniki — mkono umeshazoea. Iko dirishani, inapoa. Tandoh akitoka kwenda kanisani, naitupa ng'ambo ya ukuta. Leo atamwita mpaka achoke yeye!

Namsubiri, ndiyo maana naandika. Mungu, usinione mbaya. Lile kovu la Araba umeliona.

Geti limelia. Katoka, kajitanda nguo yake ya kanisani. Tena hakulifunga! Hana haya.

Mbwa kimya. Ajabu, leo habweki.

Araba anaimba. Si nilimwacha chumbani? Sauti iko nyuma ya ukuta. "Kimoja chako, kimoja —"

Dirishani hamna jani.