Trekta Lisilo na Kioo cha Nyuma

Winnipeg, 6 Agosti 1978

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku wazima, ila joto la mji linatupika. Wewe je, kifua kimekuachia? Unakula, au bado unaishi kwa chai na mkate tangu Mama atutoke?

Nimepigiwa simu na Yustyna, mke wa jirani yako Wasyl Kotyk. Anasema lile trekta lenye kibanda cha vioo, tulilokuchagulia ili vumbi na baridi visikumalize, umeling'oa kioo cha nyuma. Eti unalima shingo imegeuka kama bundi. Wasyl anamwambia kila mtu pale Canora kwamba mzee Prokip akili zimemruka.

Baba, mimi si mtu wa kuzunguka. Umri umekwenda, kifua kibovu, na uko peke yako. Nimeshazungumza na mtu anayetaka kununua shamba. Atakuja baada ya mavuno. Chumba chako hapa kiko tayari. Tafadhali usinibishie.

Binti yako,
Stefka

Canora, 15 Agosti 1978

Stefka binti yangu,

Marahaba. Mimi mzima. Kifua kinakoroma kidogo tu, na supu ya bitiruti napika mwenyewe, bado haijaua mtu. Ngano imeanza kugeuka rangi.

Mwambie Yustyna kioo sijakitupa. Kipo ghalani, nimekifunga blanketi.

Hukuwahi kuniuliza nilifanya nini katika vita vya pili vya dunia, nami sikupenda kuyasimulia mezani. Nilikuwa mpiga bunduki wa mkiani kwenye ndege ya mabomu. Wenzangu sita walikaa mbele wakitazama tunakokwenda. Mimi nilikaa peke yangu nyuma, ndani ya kisanduku cha vioo, nikitazama tulikotoka, maana adui alipenda kutokea huko. Sasa doa la mafuta kwenye kioo linafanana na ndege iliyo mbali, na ndege iliyo mbali inafanana na doa. Ukichelewa kutofautisha, watu saba wamekwisha. Kwa hiyo kioo cha mbele ya macho yangu tulikiondoa, nikakaa na baridi inayogandisha pumzi. Kila safari rubani wangu alirudi kunywa chai yake. Katika maisha yangu najivunia hilo, na wewe.

Nikikaa nyuma ya kioo chenye vumbi, mpaka leo moyo unanienda mbio. Kikiondoka, natulia, nalima. Huo si wazimu, mwanangu. Hapa nikigeuka naona mpaka mwisho wa dunia. Kwako nitaona ukuta wa jirani.

Lakini sina mwingine ila wewe. Ukisema niuze, nitauza.

Baba yako

Canora, 10 Septemba 1978

Stefka,

Hujambo wewe na wanafunzi wako? Sijapata jibu, nadhani shule zimefunguliwa na umebanwa. Mimi mzima.

Mvua ilinyesha jana, imechelewa lakini si haba. Ngano yangu bado imesimama. Ijumaa nilikuwa nalima kile kipande kilichopumzishwa, pakawa na moshi kidogo kwa Kotyk, nikaenda kusaidia. Plau imepinda, nitainyoosha. Huyo mnunuzi wako anakuja lini? Nataka nimfagilie ghala, asituone wachafu.

Baba yako

Winnipeg, 14 Septemba 1978

Baba,

Shikamoo, na afya yako nitaiuliza baadaye. Moshi kidogo?

Yustyna amenipigia analia. Anasema Wasyl alikuwa anavuna, kajifungia kibandani, redio juu, na cheche za mashine yake mwenyewe zikawasha mabua nyuma yake. Upepo ukausukuma moto hadi nyumbani, ambako Yustyna alikuwa na wajukuu anatia matango kwenye siki. Hakuna aliyeona ila wewe, kutoka shamba la pili, shingo imegeuka. Ulivunja uzio, ukaizunguka nyumba yao na plau mpaka ikabaki udongo mtupu pande zote, moto unaramba matairi. Moto ulipofika kwenye udongo, ukakosa cha kula. Wasyl aligeuka akakuta majivu. Anasema aliyerukwa na akili ni yeye, na jana kaking'oa kioo chake.

Barua yako ya Agosti niliisoma tena darasani siku shule zilipofunguliwa, nikashindwa kuendelea na somo. Tangu siku hiyo nimeanza majibu matatu, yote nimeyachana. Nakuheshimu sana, Baba. Nilikuwa na shujaa nyumbani nikamwona mzee mbishi tu.

Mnunuzi nimemwambia asije. Nimeomba ruhusa shuleni, nakuja mimi Jumamosi ya wiki ijayo, nikupikie mpaka mavuno yaishe. Kioo kiache ghalani. Nakuletea skafu nzito ya sufu.

Binti yako,
Stefka

Canora, 19 Septemba 1978

Stefka,

Marahaba, mwanangu. Kifua kizima. Wasyl alikuja na chupa, kofia mkononi, tukanywa.

Jumamosi nitakuwa shambani. Barabara ya kutoka mjini inatokea nyuma yangu, kwa hiyo usihangaike kupiga honi. Nitakuwa nimeshakuona.

Baba yako