Sarafu za Bati la Halua

Kairo, Jumapili 4 Machi 2018

Mama yangu mpenzi,

Salaam aleikum. Hujambo? Mguu unaendeleaje ndani ya hiyo plasta? Mimi ni mzima wa mwili tu, roho iko juu juu. Leo ni siku ya kumi na mbili tangu baba apatwe na kiharusi, na bado hajatamka neno. Anakula nikimlisha, anatazama ukuta. Hata nikimwita hageuki.

Daktari wa hapa hospitalini anataka aonyeshwe vitu anavyovijua sana. Nikamwambia baba alikuwa mpishi wa meli miaka thelathini, na kila bandari alirudi na sarafu moja ya ukumbusho. Akasema, hizo hizo. Basi mama, fungua lile bati la halua, uzipige picha moja moja kwa simu, pande zote mbili. Zenyewe usizitume, zikipotea baba hatatusamehe.

Alhamisi madaktari wanakaa kuamua. Asipoonyesha dalili, wataandika kwamba akili imekwenda, tumchukue nyumbani alivyo. Naogopa sana.

Binti yako,
Safinaz

Port Said, Jumatatu 5 Machi

Mwanangu Safinaz,

Waaleikum salaam. Mguu wangu usiuulize, haukupigwa kiharusi. Wewe umekula? Nakujua, ukiwa na hofu unaishi kwa chai.

Picha hizo hapo, sarafu arobaini na moja. Kwanza niliwasha taa ya simu, zikatoka nyeupe pee, sioni mfalme wala simba. Nikazitandaza dirishani juu ya shungi langu jeusi, nikangoja jua la alasiri lipoe. Ile yenye tundu katikati sijui ni ya wapi. Yeye angekwambia bandari, mwaka, na mwanamke aliyemrudishia chenji, maana wanawake hakuwasahau!

Mwambie Inshirah wake anamsalimu. Mwambie nyumba imekuwa kubwa mno.

Mama yako

Kairo, Jumanne 6 Machi

Mama mpendwa,

Natumai umeamka salama. Picha zako ni safi, kila herufi inasomeka, drakma ya Pireo, lira ya Jenova, rupia ya Bombay. Nimemwonyesha zote mara tatu. Alitazama, kisha akaisukuma simu kwa ule mkono wake mzima na kufumba macho. Mama, hazijui. Mtu aliyekuwa akizitaja bandari kwa kupapasa tu mfukoni, leo hazijui!

Nimelia chooni asinione. Niambie nifanye nini.

Binti yako,
Safinaz

Kairo, Jumatano 7 Machi, asubuhi

Mama, mbona kimya? Umesoma tangu jana. Umeanguka? Nijibu hata neno moja.

Safinaz

Port Said, Jumatano 7 Machi, jioni

Mwanangu,

Sijaanguka. Nimeona haya.

Nilizisugua. Zote, kwa ndimu na chumvi, kama tunavyosugua masinia ya shaba sikukuu ikikaribia. Zilikuwa nyeusi, zina mafuta ya vidole vyake. Nikajiuliza, mabingwa wa Kairo wazione hivi? Si watasema Hajji Shehata ameoa mwanamke mchafu? Na miaka yote alinikataza. “Inshirah, weusi huo ni wa safari, usiuguse!” Nami nikimjibu safari yake inanuka.

Sasa nazitazama mezani zinang'aa, hata mimi sizijui. Waambie madaktari kosa ni langu, wasimwandike vibaya. Ikiwa nimemfungia mlango wa mwisho, Mungu anisamehe, maana mimi sitajisamehe.

Mama yako

Kairo, Alhamisi 8 Machi

Mama,

Salaam aleikum. Kaa chini kwanza ndipo usome.

Madaktari watatu walikuja na faili. Nikawaomba dakika moja, nikawasomea barua yako kwa sauti, maana kwa maneno yangu nisingeweza. Nilipofika kwenye ndimu na chumvi, baba aligeuza shingo. Akanitazama mimi, mama, si ukuta. Mdomo ukahangaika, mate yakamtoka, nikataka kumfuta akaukataa mkono wangu. Halafu akasema, kwa nusu ya mdomo, “Mwendawazimu.”

Daktari mkubwa akainama. “Nani, Hajji?”

“Inshirah,” akasema.

Tena akafoka, akipigapiga shuka. “Zote? Kazisugua zote?” Akalia, na mimi nikalia. Daktari akalifunga faili bila kuandika. Jumamosi anaanza mazoezi ya kusema.

Binti yako,
Safinaz

Port Said, Alhamisi hiyo hiyo

Safinaz,

Leo salamu baadaye. Amenitukana? Kwa jina langu? Nimekaa sakafuni na plasta yangu, nacheka na kulia, jirani anagonga mlango akidhani kuna msiba.

Napiga simu sasa hivi. Mwekee sikioni, umwambie anitukane tena, nisikie mwenyewe.

Mama yako