Ipakie Mihogo Kwanza

Mume wangu Shabani,

Marahaba, ingawa hujaniamkia. Idi mbili zimepita hujakanyaga Gwata. Kwani Morogoro ni Makka, mtu haendi na kurudi siku moja? Anayeandika ni shangazi yako Mwanahawa, ila maneno ni yangu, na nimemkataza kuyalainisha. Sisi wazima. Mbuzi mweusi kafa.

Unauliza ununue kirikuu mpya, hicho kigari cha kubebea nyanya, au ya mkononi iliyokwisha kutumika. Tangu nisomewe swali lako situlii. Nakaa, nainuka, chai inapoa. Jasho lako lote litaingia humo.

Nilipoolewa kule Marui, babu yako alitaka kununua baiskeli ya mkononi. Ilisuguliwa ikang'aa mpaka kengele. Akaizungusha uwanjani, anacheka kama kapata mke wa pili.

Nikamwambia, "Ipakie gunia la mihogo, upande nayo kilima."

Mwenye baiskeli akaruka. "Shemeji, hii si punda!"

"Sasa mihogo yangu nimbebeshe nani, wewe?"

Akaikokota akaenda zake. Babu yako alininunia, tukaendelea kubeba kichwani. Baadaye ikaja nyingine, kuukuu, rangi yote imebanduka. Ikapanda kilima na gunia, na mimi juu ya gunia. Tukainunua.

Magari siyajui, mume wangu. Mzigo naujua. Ukiipenda ya mkononi, usilipe kwanza. Njoo nayo hapa Gwata pamoja na mwenyewe. Magunia utayakuta barazani, na kiti cha mbele ni changu.

Bibi yako