Sireni ya Teatri ku Musonoi

Yaya Bea,

Jambo sana kwako na batoto! Vumbi ya Kolwezi imenigeuza rangi ya tofali, lakini nakula bukari muzuri, usihangaike.

Unajua kazi yangu: kuangalia batu wakati bo banaangalia teatri, na kuandikia bakubwa benye kulipa kundi ya bachezaji kama mchezo inapendeza batu. Jana tulikuwa Musonoi, karibu na mashimo ya mine, kule banachimba shaba. Salle, nyumba kubwa ya mabati, ilijaa, batu banacheka mpaka machozi. Kisha polisi wa mu mchezo akapiga sireni ili kukamata mwizi.

Salle yote ikasimama! Bamama bakabeba batoto, batata bakabeba biti bya kukalia, bote inje. Polisi na mwizi bakabaki banaangaliana. Mi nikawaza: nikiandika kama batu balikimbia, hii kundi haitarudi huku tena.

Nikafuata mama mumoja, kitabu yangu ya kuandika mu mukono. "Mama, mchezo haikukupendeza?"

"Inanipendeza sana, mutoto wangu. Lakini sireni ikilia, mine inataka kupasua mawe. Hatubakie chini ya mabati, isituangukie."

Mwizi naye akatoka, akauliza kwa heshima kama anaweza kuendelea kukimbia. Batu bakapanga biti kwenye jua, mchezo ikaendelea. Mara sireni ya kweli ikalia. Hakuna mutu aliinuka, bote tulikuwa tayari inje. Polisi akashika mwizi, na palepale mine ikapasua: buuu! Makofi ikafunika hata ile mushindo.

Mama akanigonga bega: "Andika ile! Hata mine imepiga makofi."

Nimeiandika, Yaya. Nakukumbatia na vumbi yangu yote.

Mudogo wako, Odile