Kadi Uliyotuletea Kutoka Maskati

Raskazone, Tanga

Kaka yangu mpenzi Nadir,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Ghadir na watoto. Sisi wa huku miili haijambo, alhamdulillahi. Goti la Mama limepungua kuuma, naye anauliza kama joto la huko limepoa. Baba pia mzima, ingawa hali yake ndiyo iliyonifanya niandike badala ya kupiga simu. Kwa simu ningelia, usingeambulia neno.

Najua umeshasikia kwamba boti yetu ilipanda mwamba. Sijui wamekusimulia vipi. Mimi nilikuwemo, basi nisikilize mimi.

Tulikuwa tunarudi kutoka Pemba na wageni wawili, Mwalimu Devota na mumewe Robert, watu wa Lushoto. Tanga lilishika upepo vizuri mpaka tulipokaribia nyumbani. Ghafla mvua ikatufunika. Nchi ikapotea, maboya yakapotea. Baba akainamia kile kioo cha ramani kando ya usukani, ambacho tangu Idi kilikuwa na ile kadi ya ramani uliyomletea. Alikuwa haishi kuisifu. Kila aliyekutana naye alimwambia, "Mwanangu kanitia macho mengine."

Kioo kilionyesha maji ya kina kirefu mbele yetu. Mimi nilikuwa omoni, kule mbele ya boti, nikaona maji yamegeuka rangi, nikapiga kelele. Baba akajibu kwamba ramani inasema pako salama. Hata hakumaliza.

Mlio ule, Kaka, bado unanishtua usingizini. Robert alirushwa, akavunjika mkono. Maji yakaanza kuingia chini. Devota akawa anayachota kwa sufuria huku akisali kwa sauti, nami nahangaika kuteremsha tanga. Baba alikuwa ameduwaa, akikitazama kioo ambacho bado kilisema tunaelea kwenye kilindi. Bahati yetu bahari ilikuwa inajaa. Ikatuinua polepole, tukajikokota kwa injini hadi bandarini, tunachota maji njia nzima.

Tangu hapo Baba alimwambia kila aliyeuliza kwamba kosa ni lake, macho yamezeeka, alisoma vibaya. Wateja wakafuta safari zao. Vijana wa Makorora wakamtungia jina ambalo sitaliandika hapa.

Mimi sikuridhika. Nilifungua ramani yake ya zamani ya karatasi, na mwamba ule upo. Kwenye kadi haupo. Nikawaandikia watengenezaji waliotajwa kwenye kadi, nikawapa namba iliyo nyuma ya kadi. Wakajibu kwamba namba ile ni ya kifaa kingine kabisa, na kadi tuliyonayo si yao: mtu amenakili ramani iliyopitwa na wakati, akaitia kwenye kasha linalofanana na lao. Wakasema tungenunua kwa wakala wao anayetambulika, tukaisajili namba kabla ya kung'oa nanga, tungeligundua hilo tukiwa bado tumefunga kamba bandarini. Na kadi inayouzwa nusu ya bei ya kawaida, wakasema, mtu aiogope.

Kisha wakaguzi wa vyombo vya majini wakamwita Baba. Alisimama na kanzu yake nyeupe, akasema alikosea na yuko tayari kurudisha leseni. Nikasimama bila kuitwa, nikaiweka kadi mezani, nikasoma majibu ya watengenezaji. Robert, mkono umefungwa shingoni, akamuuliza Baba kwa nini hakusema habari ya kadi. Baba akarudia tu kwamba kosa ni lake.

Sasa nakwambia wewe alichokataa kuwaambia wao. Baba alijua. Kesho yake tu baada ya ajali aliilinganisha kadi na karatasi peke yake. Nilipompelekea majibu hakushtuka, ila alinisihi nisikwambie kamwe. Alisema, "Nadir hakuwahi mazishi ya bibi yake, na mpaka leo anatuona kama tumemkasirikia. Kile ndicho kitu alichonipa akicheka. Nikisema ni bandia, hatarudi tena. Afadhali waseme mimi sioni."

Wakaguzi hawakumnyang'anya leseni. Wamemzuia tu asitoke mpaka boti itengenezwe na iwe na ramani halali. Lakini tangu siku ile alikuwa hanisemeshi. Leo asubuhi, akinywa kahawa, akaniuliza kama nimekuandikia. Nikasema bado. Akakizungusha kikombe, akasema, "Mwandikie, lakini taratibu. Mwambie aliyetudanganya ni muuzaji, si yeye. Na mwambie aje."

Nimejitahidi kuandika taratibu, Kaka. Kama taratibu hiyo haikutosha, nisamehe.

Mama anawabusu watoto mmoja mmoja, na wifi mfikishie salamu zangu. Baba hakunituma salamu nyingine ila hiyo ya kukutaka uje.

Mdogo wako akupendaye,
Turkiya