Mwanangu Anataka Kubebwa Kama Mtoto wa Popo

Mshauri wetu mpendwa, naomba unisaidie maana kichwa kimejaa na sina wa kumwambia, mimi nafunga mikate kwenye mifuko katika kiwanda, zamu ya usiku, tangu mume wangu alipofariki, na nina binti mmoja, kifungua mimba na kitinda mimba ni yeye huyo huyo, yuko chekechea. Mwalimu wao amewafundisha wanyama wa mchana na wa usiku, wakabandika kuku na ng'ombe kwenye karatasi ya njano, bundi na popo kwenye nyeusi, na binti yangu akasimama akasema mama yake naye abandikwe kwenye nyeusi, darasa zima likacheka, hilo nililimeza. Shida ni kwamba mwalimu aliwaambia popo mwenye kichanga huruka nacho kimemng'ang'ania kifuani, basi tangu hapo nikivaa sare ya kazi mtoto ananishika kiunoni na kuniuliza, "Mama, mbona popo anambeba wake?" nami nabandua vidole vyake kimoja kimoja, namlaza, nafunga mlango kwa kufuli kwa nje kama kawaida, naondoka. Sasa amegoma kulala, anasema naye ni wa usiku, shuleni anasinzia, na juzi alipanda dirishani anifuate, akateleza akaangukia ndani, mkono ukavunjika, nikamkuta asubuhi amekaa sakafuni kimya, hata kulia ameshachoka. Hospitali nilisema ameanguka kitandani, na mwalimu nikamwambia hivyo hivyo. Jirani yangu fundi cherehani ni mtu mwema lakini sitaki watu wajue mambo ya nyumbani kwangu, watanisema. Je, nimwambie mwalimu aache somo hilo, au nimhamishe mtoto shule?

Mwenye Zamu

Mwenye Zamu, pole kwa kufiwa na kwa kulea peke yako. Kukesha umesimama ili mtoto ale si mchezo, na sitakudharau kwa hilo. Lakini umenikasirisha. Habari za popo umezieleza kirefu, kufuli ukalipitia mbio na kusema "kama kawaida". Mtoto wa chekechea kufungiwa peke yake usiku kucha si kawaida, mama. Moto ukizuka, nani atamfungulia, na ufunguo uko nawe kiwandani?

Mwalimu mwache afundishe. Ukimhamisha mtoto, huko nako popo wapo. Binti yako hakukuuliza habari za wanyama, amekuuliza kwa nini unamwacha, na wewe unatafuta wa kumlaumu.

Sasa nisikilize. Leo hii, kabla hujagusa hiyo sare, nenda kwa fundi cherehani, mweleze yote bila kupunguza, umwombe mtoto alale kwake. Mfulie, mdekie, lolote mtakalopatana. Kesho mwambie mwalimu mkono ulivunjikaje hasa, naye akuelekeze kwa watu wa ustawi wa jamii. Msimamizi wako mwombe zamu ya mchana, akikataa mwombe tena. Na leo ukikosa mtu wa kukaa na mtoto, usiende kazini, hata kama watakufukuza.

Watu watakusema, sikufichi. Wakuseme, binti yako akiwa hai.